Skrubu Imeanguka, Gandeni

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja tu. Kitu kidogo kikimponyoka Fundi, kila aliyemo ndani anaganda pale pale alipo. Kama umeinua mguu, ubaki nao juu. Kama una sufuria ya moto mkononi, shauri yako. Fundi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kama daktari anayeomba mkasi, "Gandeni," na watu waliganda mpaka kilichoanguka kionekane au mpaka yeye mwenyewe achoke. Na Fundi hakuwa mtu wa kuchoka upesi.

Mkewe alikuwa ameishi chini ya sheria hiyo miaka ishirini na sita. Wateja wake walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake lilinyooka hata ukilipima kwa rula. Majirani walimwita mke wa Fundi, basi. Kana kwamba yeye hakuwa fundi. Kana kwamba ile cherehani iliyokuwa chumbani kwake ilikuwa pambo la kuwekea kitambaa na maua ya plastiki. Hilo lilimuuma. Alikuwa amelizoea, na kule kulizoea ndiko kulikomuuma zaidi.

Karakana ya Fundi ilikuwa sebuleni. Alitengeneza saa, redio, pasi, feni, na chochote kilichokuwa na skrubu, na kama hakikuwa na skrubu alishangaa kinawezaje kusimama. Meza yake ilikaa dirishani, katikati ya mlango wa nje na vyumba vya kulala, hivyo huwezi kuingia wala kutoka bila kupita mbele yake. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopasuka pasuka, na kila ufa ulikuwa umekula kitu cha mtu.

Watu walicheka, na kwa kweli yalikuwa ya kuchekesha, mradi si wewe unayelala mle ndani. Springi ya saa ya ukutani iliruka ikapotea wiki nzima, ikaja kuonekana mdomoni mwa shangazi yake Fundi, alipouma maharage akaitoa pamoja na kipande cha jino. Fundi aliiosha springi kwanza, ndipo akauliza habari ya jino. Mkwe wao mkubwa, siku ya kwanza kuja kuwaamkia, alivua kiatu kimoja mlangoni na hakuwahi kuvua cha pili. Alisimama dakika arobaini na kiatu kimoja, akitabasamu, mpaka tabasamu likamkaukia mdomoni. Mpaka leo akija anasalimia dirishani.

Na kufagia je? Hakuna kufagia hivi hivi. Taka zote za nyumba zilipita kwenye chekeche la unga kabla ya kutupwa, kisha Fundi akazipitishia sumaku yake. Ilikuwa sumaku ya duara aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaivika soksi ya mtoto ili vyuma vidogo vitoke kirahisi, akaitia kamba na kuivaa shingoni kutwa nzima. Mama Pindo alipolalamika kwamba chekeche hilo hilo ndilo la unga wa kula, aliambiwa chuma kinaongeza damu.

Sasa basi, akatokea Matroni.

Matroni alikuwa mkubwa wa wauguzi kwenye hospitali ya jirani, na alikuwa akitafuta mtu wa kushona sare sitini za wanafunzi wa uuguzi. Si za mara moja. Kila mwaka wanafunzi wapya, kila mwaka sare sitini. Mama Pindo alipozisikia habari hizo hakulala. Sokoni kulikuwa na chumba kitupu chenye dirisha kubwa, alishakitazama mara tatu, akakipima kwa hatua na kujua meza itakaa wapi na kioo kitakaa wapi. Kwa pesa za kazi ile angekikodi. Angekuwa na mlango wake, wa kufungua na kufunga mwenyewe, na sakafu yake, ya kufagia asubuhi bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa hataki kingine chochote duniani.

Alimfuata Matroni hospitalini, akajieleza, akaonyesha gauni alilovaa. Matroni aligeuza pindo lake akalitazama kwa ndani, maana kwa nje kila mtu ni fundi.

"Mimi nasema mara moja tu," alisema. "Jumamosi saa nne nitapita kwako na vitambaa. Nione cherehani yako, unishonee kola moja mbele ya macho yangu, nikuachie mzigo. Nisipokukuta, kuna mwingine kwenye orodha."

"Utanikuta," Mama Pindo alisema. "Hata nyumba ikiwa inaungua."

Jumamosi hiyo aliamka mapema. Alifuta cherehani vumbi, akaijaribu kwenye kipande cha kitambaa, ikaenda kama inavyokwenda siku zote, haina tatizo lolote. Saa tatu akaenda kuoga. Alioga vizuri, akavaa, akatoka na kitana bado kimechomekwa kichwani.

Cherehani haikuwa chumbani. Ilikuwa sebuleni, juu ya meza ya Fundi, imelazwa ubavu na matumbo nje.

Wifi yake alikuwa ameketi pembeni na kikombe cha chai. Huyu ni dada mkubwa wa Fundi, alikuja kwa wiki moja mwezi wa tatu na huu ulikuwa mwezi wa tano.

"Baba watoto, unafanya nini?" Mama Pindo aliuliza.

"Naipaka mafuta," Fundi alisema bila kuinua macho. "Ilikuwa inakohoa."

"Haikuwa inakohoa."

"Wewe huwezi kusikia, umeizoea. Sare sitini si mchezo, mama. Unataka ikufie njiani?"

"Matroni anakuja saa nne."

"Hii ni kazi ya dakika kumi."

"Wifi, mwache mwenzio akusaidie," dada mtu alisema. "Wengine waume zao hata kutia uzi kwenye sindano hawajui. Wewe umepewa fundi ndani ya nyumba, huoni bahati."

Mama Pindo aliona hasira ikimpanda kutoka miguuni. Angependa kusema neno zito, neno moja ambalo lingebaki mle sebuleni kama doa la mafuta. Lakini mashine ilikuwa imefunguka, na aliyejua kuifunga ni aliyeifungua. Ukigombana na mganga wakati kisu kiko tumboni mwako, umejigombeza mwenyewe. Akarudi chumbani kupanga nyuzi zake.

Na lazima haki isemwe: Fundi hakuwa na nia mbaya. Angekuwa na nia mbaya ingekuwa afadhali, mtu mwenye nia mbaya unajua utamlaani vipi. Yeye alikuwa akisaidia. Alipaka mafuta hapa, akafuta pale, akapuliza, akaridhika. Kisha akakitoa kile kijumba cha chuma kinachokaa bobini, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akaiona skrubu inayobana ulimi wa uzi, skrubu ndogo kuliko mbegu ya nyanya, akaona nayo inahitaji kusafishwa. Hakuna mtu duniani anayeisafisha skrubu ile. Fundi akaifungua.

Ikafanya *tik*.

"Gandeni," alisema Fundi.

Wifi alikuwa ameinuka kujiongezea chai, akaganda na birika mkononi. Mama Pindo alikuwa ametoka tu mlangoni mwa chumba, mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Kutoka pale mpaka mlango wa nje ni hatua nane. Alijua, kwa sababu alikuwa mtu wa kupima. Saa ya ukutani, moja kati ya saba zilizokuwa zikienda, ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Fundi alilala kifudifudi, shavu kwenye saruji, tochi mdomoni. Alianza chini ya meza na kwenda pole pole, akipitisha sumaku yake mbele kama mtu anayepiga pasi sakafu. Alikuta sindano. Alikuta pini mbili na nusu ya kibiriti. Alikuta kiguu cha pasi alichokitafuta tangu mwaka juzi, akakishangilia kwa sauti ya chini na kukiweka mfukoni.

"Bado?" Mama Pindo aliuliza.

"Subira yavuta heri," Fundi alisema kwa upande wa mdomo usio na tochi.

Saa nne kamili mlango uligongwa.

"Hodi hapa."

Ilikuwa sauti ya Matroni, hakuna wa kuifananisha nayo. Mama Pindo alifungua mdomo, na Fundi, bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono juu, kiganja wazi, kama askari anayesimamisha magari.

"Wifi," dada mtu alinong'ona, "mgeni."

"Nasikia."

"Hodi jamani. Wenyewe wapo?"

Hatua nane. Alizipiga zote kwa macho. Lakini skrubu ilikuwa mahali fulani kati yake na mlango, na sakafu ilikuwa na nyufa, na kandambili zake zilikuwa pana. Akiikanyaga ikaingia ufani, Matroni ataingia atazame nini? Cherehani iliyolazwa ubavu, haishoni hata uzi mmoja. Afadhali asubiri kidogo tu. Itaonekana sasa hivi. Matroni ni mtu mzima, mtu mzima hubisha hodi mara tatu na kisha hungoja. Ndivyo alivyojiambia. Hakujibu hata "karibu," kwa sababu ukimkaribisha mtu lazima umfungulie, na pia kwa sababu, wakati wa kutafuta, Fundi hakutaka sauti. Sauti zilimchanganya macho, alisema.

Simu yake ikaanza kulia chumbani, nyuma yake, hatua nne. Ililia wimbo wake wote mpaka ukaisha. Ikaanza tena. Birika lilikuwa likitetemeka mkononi mwa wifi na chai ikidondoka tone tone kwenye saruji.

Hodi ya tatu ilipigwa kwa nguvu. Kisha pazia la dirishani likapata kivuli, mtu alikuwa amesogea kuchungulia, na Mama Pindo akatazama kivuli kile na kivuli kikamtazama yeye. Kikaondoka. Viatu vilisikika kwenye kokoto, vikapungua, mlango wa gari ukafungwa.

Na bado hakusogea. Hilo ndilo atakalojiuliza mpaka anakwenda kaburini. Gari lilichukua muda kugeuka, pale nje pana shimo, kila dereva hugeuka mara tatu. Alilisikia linakwenda mbele, linarudi nyuma, linakwenda mbele. Angetoka angelikamata kwa mkono. Alisimama pale kama mlingoti, na kitana kichwani, akilisikiliza.

Baada ya dakika ishirini Fundi alikaa kitako akajipangusa magoti. "Haipo," alisema. "Nitaichekecha baadaye. Tembeeni."

Mama Pindo alitembea. Alitoka kwa kasi akakanyaga chochote kilichokuwa cha kukanyagwa, akakuta barabara tupu, akapiga simu, haikupokelewa. Akaenda kwa miguu mpaka hospitali, nusu saa ya jua, na alimkuta Matroni kwenye veranda ya ofisi yake akisaini makaratasi.

"Matroni, samahani sana. Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo," Matroni alisema. "Nilikuona."

"Nilishindwa kufungua. Kulikuwa na skrubu imeanguka."

"Skrubu."

"Ya cherehani. Mume wangu ni fundi. Ikianguka hatusogei, tunaweza tukaikanyaga."

Matroni aliweka kalamu chini. Hakuwa amekasirika, na Mama Pindo angependa awe amekasirika.

"Mama," alisema, "mimi nauguza watu miaka mingi. Nimeambiwa dawa zimeliwa na mbuzi. Nimeambiwa mtoto amezaliwa na hereni. Nilichungulia dirishani kwako nikaona watu wazima, mmoja amelala chini, wawili wamesimama wima, mmoja ameshika birika. Nikasema, hawa wananificha. Mtu hataki kazi yangu, hana haja ya kujificha na birika. Angeniambia tu."

"Naitaka kazi yako. Haki ya Mungu naitaka."

"Nimekwisha kuacha vitambaa kwa yule wa pili," Matroni alisema. "Ameanza kukata."

Akachukua kalamu yake. Mama Pindo alisimama pale kidogo, akitafuta namna ya kueleza ambayo haingekuwa ukweli, kwa sababu ukweli alikuwa ameshausema na ulikuwa umesikika kama uongo wa mlevi. Hakuipata. Ndipo muuguzi mmoja kijana alipopita akamwambia kwa upole, "Mama, una kitana kichwani."

Alirudi nyumbani polepole. Hakulia njiani. Alipita sokoni, akaepuka kutazama upande wa kile chumba, kisha akakitazama, kilikuwa bado kitupu.

Mlangoni alipokelewa na kicheko. Cherehani ilikuwa imesimama wima juu ya meza yake ya kukanyagia, inang'aa kama mpya, na Fundi alikuwa anakunywa chai.

"Imeonekana," alisema. "Hutaamini ilikuwa wapi."

"Mwambie, mwambie," wifi alisema, akijifuta machozi.

"Ndani ya soksi. Iliruka moja kwa moja ikanasa kwenye sumaku, kwa nyuma, ikajificha kwenye mkunjo. Saa nzima naitafuta, ninayo shingoni."

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi alisema, akacheka upya.

Mama Pindo alivuta kiti akakaa. Miguu ilikuwa ikimuuma.

"Na mgeni wako?" Fundi aliuliza. "Umempata?"

"Nimempata. Kazi amempa mwingine."

"Kwa nini?"

"Amebisha hodi hakufunguliwa."

Fundi alishusha kikombe. Alisikitika kweli, ilionekana usoni, alikuwa mtu wa huruma kwa kila kitu kilichoharibika.

"Sasa, mke wangu," alisema, "si ungefungua?"

Alimtazama.

"Ulisema tugande."

"Nilisema, ndiyo. Lakini mtu una mgeni wako wa maana, una kazi kubwa namna ile, unasimama kwa ajili ya skrubu? Ungefungua tu. Ningekufanya nini?"

"Hata mimi nilishangaa," wifi alisema. "Nilipomwona amesimama, nikasema labda kabadili mawazo."

Mama Pindo alikaa na lile swali. Ningekufanya nini. Lilikuwa swali zuri na alijaribu kulijibu kwa haki. Mwaka wa kwanza wa ndoa, alipokuwa bado mgeni wa mambo, Fundi alisema "Gandeni" na yeye akapiga hatua moja kuepua maziwa yaliyokuwa yakifurika. Kitu kilivunjika chini ya kandambili yake, mlio mdogo kama wa njugu. Kilikuwa kigurudumu cha saa ya mteja. Fundi hakumpiga, hakumtukana. Hakumsemesha siku tisa. Alikula alichopikiwa, akanyoosha miguu, akatazama ukuta, na yeye, msichana wa miaka ishirini na moja, mbali na kwao, akazunguka katika nyumba ile siku tisa kama mtu asiyeonekana. Siku ya kumi aliulizwa, "Umejifunza?" Akajibu amejifunza. Mambo hayo hakuwahi kumwambia mtu, maana ungemwambia nani, na ungesema umefanywa nini?

"Unakikumbuka kile kigurudumu?" aliuliza.

"Kigurudumu kipi?"

"Cha saa. Nilichokikanyaga mwaka ule tulipooana. Tulivyokaa siku tisa."

Fundi alifikiri kwa dhati. Alikunja uso, akatazama juu, akapitia saa zote alizowahi kuzifungua maishani.

"Hapana," alisema. "Ulikanyaga kigurudumu? Wala sikumbuki. Kwani mimi ni mtu wa kuweka mambo?"

Wifi naye alitikisa kichwa kumthibitishia kwamba hapana, ndugu yake hakuwa mtu wa kuweka mambo, tangu utoto.

"Jaribu cherehani basi," Fundi alisema. "Usihuzunike, kazi zitakuja. Jaribu uone kazi ya mumeo."

Mama Pindo alivuta kitambaa kilichokuwa karibu, hakujali ni cha nini, akakiweka chini ya sindano na kukanyaga. Mashine ilikwenda laini, haina mkwaruzo, tangu ainunue haijawahi kwenda hivyo. Mishono ilitoka midogo, myembamba, imenyooka. Alitamani iwe imepinda na haikupinda.

"Unaona?" alisema Fundi.

"Fundi ni fundi," alisema wifi. "Mshukuru basi mwenzio, wifi."

"Asante," Mama Pindo alisema.

Alifika mwisho wa kitambaa, akakigeuza, akaanza upande wa pili. Hakukuwa na kitu cha kushona pale, lakini aliendelea kukanyaga, maana mashine ikiwa inalia hakuna aliyeweza kumsemesha.